Kudhibiti Besi katika Chumba Kidogo cha Kuchanganyia Muziki

Anayefungua studio Kisumu katika chumba cha kupanga cha futi 10 kwa 10 mara nyingi huanza kwa kubandika trei za mayai ukutani. Trei hizo ni karatasi nyepesi: hupunguza kidogo ukali wa sauti za juu, lakini besi hupita kana kwamba hazipo. Anayechanganya benga, ambamo gitaa la besi halipumziki, na aanze na besi yenyewe.

Chumba cha mraba ndicho kigumu kuliko vyote. Kuta zikiachana kwa mita 3, sauti, ambayo husafiri takribani mita 343 kwa sekunde, huvuma baina yake kwenye hezi 57 hivi, yaani mitetemo 57 kwa sekunde, na kwa kuwa urefu na upana ni sawa, mvumo huo hujirudia pande zote mbili. Waya wa A wa gitaa la besi, ukipigwa wazi bila kubonyezwa, hutoa noti ya hezi 55. Ukiketi katikati ya chumba, noti hiyo hufifia. Ukiegemea ukuta, inanguruma. Basi mchanganyaji aliyekaa katikati huongeza besi asiyoisikia, na wimbo ukifika kwenye matatu besi hiyo inammeza mwimbaji.

Kwa hiyo sogeza kiti kabla ya kununua chochote. Kichwa kiwe mita 1.15 hivi kutoka ukuta wa mbele, yaani asilimia 38 ya urefu wa chumba, kiunde pamoja na spika mbili pembetatu ya pande sawa, na kuta za kushoto na kulia ziwe na umbali mmoja. Hicho ni kianzio tu; sogea kidogo mbele na nyuma huku ukisikiliza.

Baada ya hapo shughulikia pembe, kwa maana ndiko besi hurundikana. Mwagize seremala fremu za sentimita 60 kwa 120, zenye kina cha sentimita 10, uzijaze sufu ya mawe (rockwool, nyuzi za mawe yaliyoyeyushwa) ya kilo 50 hivi kwa mita ya ujazo, kisha uzivike kitambaa ambacho ukikipuliza pumzi inapita. Vaa glavu na barakoa, kwani nyuzi zake huwasha. Zisimamishe kimshazari pembeni, toka sakafuni hadi darini. Pembe ya mlango ikikataa, tumia pale ukuta unapokutana na dari.

Kwa kuta za kando, mtu atelezeshe kioo ukutani nawe umekaa kitini: unapoiona spika ndani yake, hapo pana haki ya paneli, yaani fremu kama hizo. Fanya vivyo hivyo darini.

Kelele ya mvua juu ya mabati haitazuiwa na haya yote. Hiyo huhitaji dari nzito isiyo na nyufa.

Hatimaye cheza noti za besi moja moja kuanzia E, hezi 41, kwa sauti ileile. Inayoruka au kupotea huonyesha kwamba pembe bado zinahitaji sufu zaidi, au kiti kisogezwe tena kidogo.