Kabla hujalipia mtoto wa paka wa Persian

Jamani mlioko England mnaotafuta Persian, kabla hujatuma hata senti ya advansi nenda kamwone mama yake kwanza, tena umwone akiwa na watoto wake hapohapo nyumbani wanapokaa, sio picha za WhatsApp wala mtu akwambie tukutane paking. Huko tangu Aprili 2020 sheria hairuhusu dalali kuuza kitoto cha paka kisichofikisha miezi 6, muuzaji awe amekizalisha mwenyewe, kwa hiyo ukiambiwa mama hayupo leo we ondoka tu.

Halafu figo, hili ndo watu wengi wanaliruka. Persian wana ugonjwa wa kurithi unaitwa PKD, figo zinajaa vifuko vya maji taratibu na paka anaweza kuonekana mzima kabisa miaka kadhaa mpaka zianze kufeli, na dawa ya kuuponya hakuna. Kipimo cha DNA kipo! Mzazi mmoja tu akiwa nao watoto wanaweza kuupata, kwa hiyo omba majibu ya baba NA mama kwenye karatasi. Mfugaji anayejali hachukii kuulizwa, tena na yeye atakuhoji nani atabaki na paka ukiwa kazini, nani atamchana manyoya kila siku.

Na asikupe mapema. GCCF, shirika la Uingereza linalosajili paka wenye nasaba, wanashauri wiki 13, chanjo zikiwa zimekamilika, akikuharakisha umchukue wa wiki 6 kisa kuna wateja wengi mi ningeacha, hata kama kamependeza vipi.