Kutengeneza biti na mshkaji aliye ng'ambo: tunavyofanya kati ya Kirumba na Toronto

Mimi niko Kirumba, Mwanza, na laptopu ya mtumba na hedifoni iliyofungwa selotepu. Mwenzangu yuko Toronto, Kanada. Tulianza midundo tukiwa sekondari, kwa kugonga madawati mpaka mwalimu wa zamu atutimue. Siku hizi tunatengeneza muziki wa kielektroniki kwa kutumiana mafaili, na utaratibu huu ndio uliobaki baada ya kuharibu nyimbo kadhaa.

Hatua ya 1: Msijaribu kupiga kwa wakati mmoja

Kila mtu huanzia hapo, hata sisi. Mnapigiana simu ya video, mmoja anaachia biti, mwingine anafuatisha na kinanda, kila kitu kinachelewa. Mtalaumu bando bure. Kutoka Mwanza hadi Toronto ni karibu kilomita 12,000 kwa mstari ulionyooka. Mwanga ndani ya nyaya za faiba husafiri takriban kilomita 200,000 kwa sekunde, kwa hiyo kwenda tu ni milisekunde 60. Kwenda na kurudi, 120. Kwenye tempo ya 128 (mapigo 128 kwa dakika), robo ya pigo moja ni milisekunde 117. Yaani hata mtandao ungekuwa hauna kasoro, jibu lake linakukuta haihati (ule mlio mwembamba wa sahani za ngoma) imeshapita. Na mtandao wetu huu tunaujua.

Simu iwe ya kupiga stori. Muziki uende kwa zamu: faili likiwa kwake, mimi sigusi hata besi. Saa 2 usiku kwangu ni saa 6 mchana kwake kipindi cha baridi, na saa 7 mchana wakishasogeza saa zao mbele. Nikilala yeye bado ana mchana mzima, nikiamka nakuta kitu kipya.

Hatua ya 2: Kubalianeni namba kabla ya sauti yoyote

Tempo, ufunguo, kiwango cha sempuli (sauti inapimwa mara ngapi kwa sekunde), na kina cha biti (kila kipimo kina undani gani; hizi ni biti za kompyuta, si biti yetu). Sisi tunatumia 128, A ndogo (A minor), kilohezi 44.1, biti 24. Ukipenda kasi ya singeli ni shauri lako, ila 128 ina utamu wake: baa 8 (baa moja ni mapigo manne) ni sekunde 15 kamili, na baa 128 ni dakika 4 kamili. Unaangalia urefu wa faili tu, unajua kama kuna mtu kakosea.

Mfano: simu nyingi hurekodi kwa kilohezi 48. Programu ikilisoma faili hilo kana kwamba ni 44.1 bila kulibadilisha, zile sekunde 15 zinakuwa 16.3 na sauti inashuka karibu nusutoni moja na nusu. Dada aliyeimba anageuka kaka yake.

Hatua ya 3: Rekodi kitu ambacho mwenzako hana

Sinta (vinanda vya kompyuta) za kwenye programu mnazo wote. Mimi nina Mwaloni, soko la samaki, mwendo wa dakika chache kutoka ninapolala. Asubuhi moja nilimkuta mama mmoja akipepeta dagaa wakavu kwenye ungo. Shaa, shaa, shaa, na kila baada ya mara ya tatu anagonga ukingo wa ungo kwa kiganja, tap. Ilikuwa haihati na snea (ngoma ya mlio mkali) tayari.

"Shikamoo mama. Naomba nirekodi mlio wa ungo wako."

"Marahaba. Dagaa hawaimbi, mwanangu," akasema, kisha akacheka kicheko kirefu. Hicho nacho kikaingia.

Omba ruhusa kwanza, kila mara. Kisha weka simu kwenye hali ya ndege, ifunike soksi nyepesi upande wa maikrofoni, maana upepo wa ziwa ukipiga pale hakuna programu ya kukuokoa. Isogeze karibu, kama shubiri mbili, na uwe umeilaza juu ya kitu. Mkono unatoa mikwaruzo. Rekodi dakika 2 bila kuongea. Nyumbani kata shaa moja safi, ondoa masafa yote ya chini ya hezi 300 ili mngurumo wa injini za mitumbwi upotee, halafu ipange kama haihati. Usizifanye zote zilingane nguvu. Mkono wa mama yule haukulingana, na hapo ndipo utamu ulipo.

Hatua ya 4: Toa kila ala kwenye faili lake, kuanzia baa ya kwanza

Kwa programu ya muziki, mimi natumia FL Studio, yeye Ableton Live. Projekti ya moja haifunguki kwenye nyingine, kwa hiyo tunatumiana WAV (mafaili ya sauti isiyobanwa) za ala mojamoja. Yote yaanze sifuri. Hata kama besi inaingia baa ya 33, faili la besi lianze na ukimya wa dakika nzima. Yeye atayaburuta yote mwanzo wa mstari na yatakaa mahali pake.

Hapa niliwahi kuponza urafiki. Bando lilikuwa limebaki kidogo nikatuma ala tatu kwa MP3, nyingine WAV. MP3 inapobanwa huongeza ukimya mdogo mwanzoni mwa faili, kiasi ambacho jicho halioni lakini kiki (ngoma nzito ya chini) na besi zinaacha kukutana. Siku mbili tulibishana. Mimi nikamwambia baridi ya Kanada imemgandisha vidole, yeye akasema mimi nimezeeka.

Ukubwa ni tatizo la kweli. WAV ya stirio ya aina tuliyokubaliana ni karibu MB 16 kwa dakika. Wimbo wa dakika 4 wenye ala 11 unafika MB 700. Dawa ni hizi: kiki na besi zitoke mono (njia moja ya sauti badala ya mbili za stirio), nusu ya ukubwa wa hizo imepungua hapo. Bana mafaili kwa FLAC, ambayo haitupi chochote. Kila zamu tuma zilizobadilika tu. Na pale ambapo mwenzako ana sinta ileile, mtumie MIDI (maelezo ya noti tu, si sauti), ambayo ni kilobaiti chache. Ukitumia WhatsApp, tuma kama dokumenti, si kama ujumbe wa sauti.

Kama huna hela ya programu, LMMS ni ya bure na BandLab inafanya kazi hadi kwenye simu. FL Studio ya majaribio itakuruhusu kuhifadhi projekti lakini si kuifungua tena, usije ukalia.

Hatua ya 5: Majina na hisa

Jina la faili: wimbo, tempo, ala, namba ya zamu. *mwaloni_128_besi_04*. Hisa za mapato andikianeni mapema kwenye meseji, nusu kwa nusu au vyovyote, kabla wimbo haujapendwa na mtu.

Hatua ya 6: Mmoja amiksi, mwingine asikilize

Wawili hawashiki usukani mmoja. Yeye ana spika nzuri, anamiksi yeye, yaani anasawazisha sauti za ala zote. Mimi namtumia ala zenye kilele cha desibeli −6, limita (kinachozuia sauti kuzidi) imezimwa, apate nafasi. Akirudisha, nausikiliza kwenye hedifoni, kisha kwenye bajaji ya jirani, ambayo redio yake haina besi kabisa. Besi isiposikika mle, naomba aiongezee ukali kidogo katikati ya masafa, si sauti. Marekebisho naandika kwa dakika na sekunde: "1:30 haihati ishuke."

Safari ya mwisho yeye ndiye aliyeniandikia: "2:15, muache yule mama acheke."

Nilirudi Mwaloni kumuuliza. Akavaa hedifoni juu ya kilemba, akasikiliza mpaka mwisho, kisha akataka kujua huyo wa Kanada anahitaji dagaa kilo ngapi.