Kukadiria bayomasi ya Msitu wa Kakamega kwa setilaiti, kuanzia ploti hadi ramani

Bayomasi ni uzito mkavu wa miti, na ploti ni kipande cha msitu ambamo miti yote imepimwa. Nimeandika haya baada ya kukaa na mwanafunzi mmoja aliyekuwa na vipimo safi vya miti, picha safi za setilaiti, na ramani isiyofanana na msitu wowote. Nachukulia QGIS, programu ya bure ya ramani, unaijua, na akaunti ya Google Earth Engine, ya kuchakata picha za setilaiti mtandaoni, unayo. Programu za kulipia leseni achana nazo. Pesa hizo mpe mwenyeji anayeitambua miti kwa majina, maana bila jina la mti huwezi kujua msongamano wa mbao yake.

Hatua ya 1: Miti

Pima mzingo wa kila mti mita 1.3 kutoka ardhini, gawanya kwa 3.1416 upate kipenyo. Mti uliotanua mizizi shinani, upime juu ya mizizi hiyo. Kisha tumia fomula ya Chave na wenzake ya 2014:

kilo za bayomasi = 0.0673 × (msongamano × kipenyo² × urefu)^0.976

Msongamano ni gramu kwa sentimita ya ujazo, kipenyo ni sentimita, urefu ni mita. Mti wa kipenyo 30, urefu 20 na msongamano 0.5 utoe takriban kilo 487. Jedwali lako likitoa kingine, usiendelee.

Hatua ya 2: Ploti iko wapi hasa?

Hapa ndipo siku huishia. Ramani za zamani za Kenya za 1:50,000 zinatumia datamu (msingi wa kuhesabia mahali duniani) ya Arc 1960, ilhali picha za setilaiti na simu yako zinatumia WGS 84. Huku kwetu tofauti yake ni karibu mita 300 kaskazini-kusini na kama mita 90 mashariki-magharibi. Ukisoma namba za Arc 1960 kana kwamba ni WGS 84, ploti inaruka kuelekea kaskazini, na kompyuta hailalamiki hata kidogo. Ya mwanafunzi huyu tuliigundua tulipoona ploti yenye miti minene kuliko zote imetua katikati ya majani chai. Ploti zake za zamani zilitoka kwenye daftari la watu wengine, GPS yao ikiwa kwenye Arc 1960. Mpya alizichukua kwa simu. Zote zilikuwa safu moja ya jedwali.

Zitenganishe kwanza. Za zamani zifungue kwa EPSG 21096 (EPSG ni namba ya kutambulisha mfumo wa ramani; hii ni ya Arc 1960), kisha uzihamishe hadi 32636, ya WGS 84. Nimesema kuhamisha: kulibandika tabaka jina la mfumo mpya hakusogezi nukta hata mita moja. QGIS ikikupa orodha ya njia za kuhamisha, chagua inayotaja Kenya.

Namba hizo ni za Kakamega, kaskazini mwa ikweta. Mstari huo wa ikweta unapita Maseno, kwa hiyo ukishuka Kisumu mjini unatumia 32736, na Nakuru mjini ni kanda nyingine kabisa, 32737. Namba ya kaskazini ikiwa kama 31,000, uko Kakamega. Ikianza na 99 na ina tarakimu saba, imeandikwa kwa mfumo wa kusini.

Mwisho, weka nukta juu ya picha kali na utafute kitu unachokijua, kama njiapanda au geti. Chini ya miti GPS hutangatanga, basi iache itulie kabla ya kuhifadhi.

Hatua ya 3: Picha

Chukua picha za setilaiti ya Sentinel-2, Desemba hadi Februari, ondoa mawingu, kisha kwa kila pikseli chukua thamani ya kati (median).

Hatua ya 4: Rada na leza

NDVI, kipimo cha ukijani kinachotoka kwenye picha hizo, peke yake haikufai. Majani chai yaliyotunzwa hung'aa kijani sawa na msitu mnene, na msitu ukishashonana NDVI haipandi tena hata miti iongezeke unene. Ongeza rada ya ALOS PALSAR: wimbi lake la sentimita 24 hivi hupenya majani hadi matawi na mashina. La rada ya Sentinel-1, sentimita 5.6, huishia zaidi kwenye majani ya juu. Hata PALSAR hufika kikomo kwenye miti mikubwa, ndiyo maana mimi siachi GEDI, leza ya angani inayopima urefu wa miti kwenye duara la kipenyo cha mita 25.

Hatua ya 5: Modeli

Random Forest, mbinu ya kompyuta inayojifunza kutoka kwenye ploti kukadiria bayomasi ya sehemu zisizopimwa, inatosha. Ploti za kupimia modeli zitoke upande mwingine wa msitu, si jirani za zile ulizoifundishia. Chora mipaka ya majani chai kwa mkono uyaondoe. Ukitaka kaboni, zidisha kwa 0.47.