Jinsi ya kutumia simu yako kuweka mtaa kwenye ramani huria

Watu wakisikia data huria, yaani taarifa ambazo yeyote anaruhusiwa kuzitumia, wanadhani ni mambo ya serikali na wataalamu wa kompyuta, kumbe na simu yako hiyo hiyo unaanza leo, na pa kuanzia ni ramani. Ipo inayoitwa OpenStreetMap, ilianzia Uingereza 2004, ni kama Wikipedia ila ya ramani, yeyote anaongeza na yeyote anachukua bure mradi ataje ameitoa wapi. Haiti ilipopigwa na tetemeko Januari 2010 watu wa kujitolea waliokaa kwao huko mbali waliichora Port-au-Prince kutoka kwenye picha za satelaiti, waokoaji wakaitumia ramani hiyo hiyo kujua barabara zinapita wapi.

Kwanza fungua akaunti OpenStreetMap. Kama simu ni ya Android weka StreetComplete, hii kazi yake ni kukuuliza tu ukiwa umesimama pale pale, hii njia ina lami au vumbi, jengo lina ghorofa ngapi, unajibu unasonga. Ukitaka kuongeza kitu ambacho hakipo kabisa tumia Every Door, na wa iPhone mnaipata.

Sasa chagua kitu kimoja. Kimoja tu jamani! Ukisema utachora mtaa mzima utachoka siku ya pili. Tuseme mabomba ya maji: unapita moja moja, unaangalia linatoa maji au ni pambo, maji ni ya kunywa au la, lina kufuli au li wazi muda wote.

Ukifika usikimbilie kubonyeza. Toka chini ya bati au mti, utaona kile kidoti chako kimezungukwa na duara, subiri duara linywee ndo uweke alama. Mi mara ya kwanza nilikuwa na haraka, duara bado pana, nikabonyeza, bomba likaenda kukaa juu ya paa la nyumba ng'ambo ya barabara, na aliyekuja kulirekebisha ni mtu nisiyemjua hata kidogo. Ukishapakua eneo lako kwenye app kabla ya kutoka, bando halihitajiki ukiwa njiani maana GPS inasoma satelaiti moja kwa moja, utatuma ukipata waifai, ila chaji inaliwa kwelikweli.

Usinakili kutoka Google Maps, leseni yao hairuhusu na kazi yako inaweza kufutwa. Majina ya watu, namba zao za simu, nani anaishi wapi, hayo usiweke kabisa.

Ukitaka kuzitumia hizo data, ingia overpass turbo kwenye kompyuta, ni tovuti ya kuchota data za OpenStreetMap, tafuta mabomba ya eneo lako, pakua. Ukimpelekea anayehusika na maji mpe na jedwali la CSV analoweza kulipanga na kuhesabu, sio picha ya skrini.

Halafu rudi. Mabomba hukauka, na baada ya muda StreetComplete itauliza kama kitu fulani bado kipo, usijibu ukiwa kitandani.