Unaishi safarini? Agiza mzigo kwenye mji ulio mbele yako

Kwa wanaolala kwenye gari, leo Nairobi, keshokutwa Nanyuki: usiandike anwani ya ulipo sasa. Chagua kituo cha kuchukulia mzigo katika mji utakaoufikia siku moja au mbili baada ya tarehe uliyoahidiwa mzigo. Kituo kitakutunzia mzigo. Mtu wa boda hatakusubiri kando ya barabara. Kabla ya kulipa, jumlisha bei na usafirishaji. Tuseme chaja ni shilingi 1,850 mtandaoni, kuletewa 300, jumla 2,150. Duka la barabara ya Luthuli, Nairobi, linauza 2,000 na kuituma kwa matatu ya Nakuru kwa 200, jumla 2,200. Hiyo hamsini ya juu mimi ningeilipa, maana parseli iliyopakiwa asubuhi kwa kawaida huwa stejini Nakuru siku hiyo hiyo. Omba picha ya risiti pamoja na namba ya gari, na jina la mpokeaji liwe lile lililo kwenye kitambulisho chako. Mbinu hii hukwama kwa mtungi wa gesi na betri ya asidi (hivyo nunua ulipo), na pia ukichelewa: siku za kutunziwa zikiisha, mzigo hurudishwa kwa muuzaji.