Mambo ya Kuzingatia Kabla ya Kulichukua Gari Lililotoka Kupigwa Rangi

Mwenye gari anapofika gereji na kuliona gari lake linang'aa, jambo la kwanza analofanya ni kupitisha kiganja juu ya boneti, na akikuta hakuna kinachonata huamini kuwa kazi imekwisha. Kwa hakika rangi hiyo imekauka juu tu. Rangi zinazotumika sana katika gereji za Arusha na Moshi, ambazo mafundi huziita 2K, hazikauki kwa hewa peke yake bali hukomaa kwa mmenyuko wa kikemia kati ya rangi yenyewe na hadina, yaani kigumishi kinachochanganywa nayo, na mmenyuko huo huendelea kwa wiki tatu hadi nne baada ya siku ya kupuliza. Katika muda huo mabaki ya thina, yaani kiyeyushi cha rangi, yaliyo chini ya uso yanaendelea kutoka taratibu, rangi bado ni laini, na doa ambalo baadaye lingetoka kwa maji na sifongo huweza kubaki humo moja kwa moja. Ndiyo maana naona matunzo ya rangi mpya yapangwe wakati gari lingali kwa fundi, kwa kuwa likishafika nyumbani mambo mengi yanakuwa yamechelewa.

Wapo wanaopinga kwa kusema kwamba gari jipya linalotoka kiwandani huoshwa, hupigwa nta na kusafirishwa bila uangalizi wowote wa namna hii. Ni kweli, lakini kiwandani bodi hupakwa rangi ikiwa tupu, kabla ya kufungwa viti, nyaya na mipira, kisha huingizwa katika oveni yenye joto la takriban nyuzi 140 za Selsiasi, ambako rangi hukomaa papo hapo. Gari lililokwisha kuunganishwa haliwezi kuvumilia joto hilo. Gereji yenye oveni hulipasha kwa nyuzi 60 hivi, na gereji isiyo na oveni, kama zilivyo nyingi, hutegemea hali ya hewa ya siku hiyo.

Hali ya hewa ya kwetu basi inastahili kufikiriwa kabla ya kupanga tarehe. Arusha iko kwenye mwinuko wa karibu mita 1,400, na kati ya Juni na Agosti joto la usiku hushuka chini ya nyuzi 15, kiwango ambacho mmenyuko wa hadina hupungua kasi sana. Gari lililopulizwa alasiri ya Julai na kulazwa nje usiku huo halipaswi kuhesabiwa sawa na lililopulizwa Februari. Moshi, iliyo chini zaidi na yenye joto zaidi, ina nafuu kidogo upande huo. Mvua za masika, hasa Aprili na Mei, zina tatizo jingine: unyevu ukiwa mwingi hewani, klia, yaani lile tabaka angavu la mwisho, huweza kupauka na kufanya ukungu mweupe usiotoka kwa kufuta. Mwenye uhuru wa kuchagua achague Januari au Februari. Kampuni za utalii hazina uhuru huo, kwa sababu magari yao hupumzika masika wageni wanapopungua, na hapo ndipo yanapopelekwa kunyooshwa na kupakwa rangi. Ushauri wangu kwao ni kutafuta gereji yenye chumba kilichofungwa na chenye joto, na kuongeza siku za gari kukaa humo hata kama fundi anasema liko tayari.

Kabla ya kulipa kiasi kilichobaki, kuna maswali ambayo fundi mwadilifu hujibu bila kusita, na majibu yake yaandikwe nyuma ya risiti. Muulize ni rangi ya aina gani, kwa maana bado wapo wanaotumia rangi ya zamani inayokauka kwa thina kuyeyuka tu, ambayo ni rahisi kupuliza lakini huyeyuka tena ikiguswa na thina, hata baada ya miaka. Muulize alipiga mikono mingapi, yaani matabaka mangapi, ya rangi na mingapi ya klia, na siku gani alipuliza mkono wa mwisho, kwa sababu hesabu ya mwezi huanzia siku hiyo na si siku ya kukabidhiwa funguo. Muulize pia namba ya rangi. Kwa Toyota, ambazo ndizo zimejaa barabarani, namba hiyo imo kwenye kibati chenye maelezo ya gari, mara nyingi ndani ya boneti au kwenye fremu ya mlango, pembeni ya herufi C/TR: 040 ni ile nyeupe ya kawaida, 202 ni nyeusi, 1F7 ni fedha, na 070 ni nyeupe ya lulu. Hiyo 070 ina hatua tatu badala ya mbili, rangi ya chini, tabaka la lulu, kisha klia, na fundi akiruka au akipunguza tabaka la katikati, mlango mmoja utaonekana wa gari lingine kila jua linapouangaza. Omba pia kichupa kidogo cha rangi iliyobaki ambayo haijachanganywa na hadina, kwani iliyokwisha kuchanganywa hugandia ndani ya chombo kwa muda wa saa chache na haifai kuhifadhiwa.

Ikiwa umebadilisha rangi kabisa, kadi ya gari inataja rangi, kwa hiyo taarifa ipelekwe TRA, yaani Mamlaka ya Mapato Tanzania, na kwa kampuni ya bima kabla hujakutana na trafiki barabarani.

Ukaguzi wa gari ufanyike mchana, likiwa limetolewa nje ya banda, na nashauri ukatae kwa heshima kulipokea jioni hata kama umelisubiri wiki nzima. Taa za gereji huficha mengi. Simama kwenye kona ya gari, inamisha kichwa mpaka jicho liwe karibu usawa wa mlango, kisha tazama mwanga unavyotambaa juu ya bati: hapo utaona mawimbi ya fila, ile dawa ya kusawazishia bati, isiyopigwa msasa vizuri, michirizi ya rangi iliyotiririka chini ya vitasa, vijipunje vya vumbi vilivyonaswa ndani ya klia, na uso unaokwaruza kama ganda la chungwa. Tazama mipira ya vioo, taa na mdomo wa tanki la mafuta kama kuna rangi iliyorukia. Kasoro ndogo za vumbi na michirizi hurekebishwa kwa msasa laini wa maji na polishi, lakini kazi hiyo aifanye fundi mwenyewe akishajiridhisha kuwa klia imeshika. Usikubali kupewa kopo la polishi ukamalizie nyumbani.

Mahali pa kulilaza gari ndipo penye mjadala mkubwa zaidi. Wengi hudhani kuwa kulifunika kwa kava ni kulipenda, lakini kava lililolala juu ya rangi changa huzuia mabaki ya thina kutoka, hufungia umande wa asubuhi, na upepo ukilichezesha husugua vumbi kwenye klia. Linalohitajika ni kivuli kilicho juu ya gari na hewa inayopita kati yake: banda la mabati, au turubai lililofungwa juu kwenye nguzo. Kivuli cha mti hakifai kabisa. Arusha ina mijakaranda ambayo Oktoba na Novemba huangusha maua ya zambarau, na ua lililolowa likikaa juu ya boneti mchana kutwa huacha alama. Miembe hutoa utomvu, miparachichi huangusha matunda, na mikuyu huita popo ambao kinyesi chao ni kibaya kuliko cha kunguru. Kama uwanja wako una miti tu, ni afadhali uombe nafasi kwa jirani kwa mwezi huo mmoja.

Ujirani wa gereji nao uangaliwe. Katika maeneo mengi ya mafundi, banda la rangi limepakana na la kuchomelea, na jiwe la kusaga chuma linapofanya kazi hurusha chembe zenye moto ambazo hutua juu ya rangi laini na kuzama humo. Siku ile hazionekani. Baada ya mvua ya kwanza hugeuka kuwa vidoa vya kutu vya rangi ya chungwa, na mwenye gari jeupe huanza kumlaumu fundi rangi kwa kutopiga praima, lile tabaka la chini linalokinga bati. Gari likishapulizwa lihamishwe mbali na cheche hizo, na usilipeleke kwa mchomeleaji kwa kazi yoyote ya mageti, bampa la chuma au keria mpaka mwezi uishe. Kazi za namna hiyo zifanywe kabla ya rangi.

Kuhusu kuosha, sikiliza kwanza muda alioutaja fundi, na kama hakutaja, subiri angalau wiki moja. Baada ya hapo maji safi yanatosha, ama maji na shampuu ya magari, kwa sifongo laini, kivulini, asubuhi kabla bati halijapata joto. Sabuni ya unga ya kufulia ina magadi makali na haifai. Mashine ya presha nayo iwekwe kando kwa mwezi mzima, hasa kwenye bampa za plastiki na kingo za milango, ambako maji yakipata upenyo huinua rangi kama ganda. Kabla hujalitoa gari gereji, mweleze yule kijana anayekuoshea gari kila Jumamosi, mweleze na dereva wako, kwani wao ndio watakaolishika kuliko wewe. Waambie jambo moja hasa: vumbi halifutwi likiwa kavu. Udongo wa kwetu ni wa volkano, una chembechembe ngumu, na yule anayepangusa boneti kwa dasta kwenye maegesho ya mjini kwa nia njema anachora duara ndogondogo ambazo jua la saa sita litazionyesha zote. Maji yatangulie kuliondoa vumbi ndipo mkono uguse. Wanaotumia maji ya kisima, ambayo sehemu nyingi za Arusha yana madini mengi, wakaushe gari kwa kulaza taulo laini na kulivuta taratibu, kwa sababu matone yakikaukia juani huacha duara nyeupe.

Safari zipangwe upya. Lami kati ya Moshi na Arusha haina neno kubwa ukiacha nafasi ya kutosha nyuma ya malori yanayobeba kokoto, lakini barabara ya changarawe kutoka Ngorongoro kuelekea Serengeti, au zile za vijijini kupanda migombani, hurusha mawe ambayo rangi laini haiwezi kuyakinza. Linapomegeka pande dogo la klia, maji huingia pembeni yake na kuendelea kuimenya. Ninafahamu kwamba gari la utalii lisilotembea ni hasara, na sisemi haya kwa wepesi. Lakini kampuni yenye magari kadhaa inaweza kulipangia lililotoka gereji kazi za mjini, kupokea wageni uwanja wa ndege na kuwapeleka hotelini, na kulibakiza kwa wiki hizo chache. Stika za jina la kampuni milangoni nazo zisubiri, kwani hewa ya thina inayotoka chini yake hufanya mapovu, na anayeibandua stika iliyobandikwa mapema huweza kuondoka na rangi yake.

Ndani ya gari kuwe na chupa ya maji safi ya lita moja na kitambaa laini kilichofungwa ndani ya mfuko ili kisishike vumbi. Kinyesi cha ndege kina tindikali, na kikikaukia juu ya klia changa jua likiwa kali, saa chache zinatosha kuiachia kovu. Usikikwangue. Lowesha kitambaa, kilaze juu ya doa mpaka lilainike, kisha liinue na kumwagia maji. Petroli ikimwagika kwenye mdomo wa tanki, mwagia maji mara moja, na kituoni umwambie mhudumu asijaze mpaka shingoni. La kuogopwa zaidi kuliko yote ni mafuta ya breki, ambayo huyeyusha hata rangi iliyokomaa. Fundi atakayeongeza mafuta hayo atandike kitambaa juu ya fenda, lile bati la juu ya gurudumu la mbele, na tone likidondoka lioshwe kwa maji mengi hapo hapo bila kusugua.

Nta isubiri. Watengenezaji wa rangi hutofautiana, wengine hutaja siku 30, wengine 60 au hata 90, na kwa gari lililokaukia nje wakati wa baridi ya Arusha mimi huchagua muda mrefu zaidi. Nta na yale mafuta ya kung'arisha yenye silikoni yanayouzwa barabarani huziba uso wakati ambapo chini bado kunatoka hewa, na matokeo yake ni kufifia kwa mng'ao uliokuwa ukitafutwa. Mipako ya seramiki nayo isubiri mpaka klia ikomae. Muda ukifika, anza na sehemu ndogo isiyoonekana sana, kama chini ya mlango wa nyuma, paka nta kidogo kivulini, iache ikauke, ifute, kisha litazame eneo hilo kesho yake mchana kabla hujaendelea na boneti.