Somo: Kutoa data kwa wingi, mtumiaji achague mwenyewe anachotaka

Wakuu, wengi tunaanza na kitufe kimoja cha kupakua CSV (faili la maandishi, thamani zikitenganishwa kwa koma). Haipiti wiki, mmoja anataka kolamu tatu tu, mwingine za mwezi jana, wa tatu anataka na jina la mteja ambalo liko jedwali jingine. Ukiandika kweri (ombi la data kwa hifadhidata) mpya kwa kila ombi, utazeeka nazo.

Hatua ya 1: jedwali la kolamu zinazoruhusiwa. Hapa ndipo kazi yenyewe ilipo. Tengeneza jedwali lenye jina analoliona mtumiaji, kipande cha SQL (lugha ya kuuliza hifadhidata) kinacholeta thamani, jedwali la kuunganisha likihitajika, na ruhusa ya kuiona. Mtumiaji anatuma namba tu: 3, 7, 12. Programu ndiyo inayotafuta kipande husika na kuunda SELECT, yaani amri ya kusoma data.

Kwa nini mzunguko wote huu? Thamani za vichujio unaweza kuzipitisha kama vigezo ($1, $2), ila jina la kolamu halipitishwi hivyo. Anayelipachika moja kwa moja kutoka kwenye fomu amemwachia mdukuzi mlango wazi.

Unganisha jedwali pale tu kolamu yake imechaguliwa. Na angalia: oda moja yenye bidhaa tano itatoka mistari mitano, kisha mtu ajumlishe jumla ya oda mara tano.

Hatua ya 2: hifadhi chaguo. Kolamu, vichujio na mpangilio viweke kwenye JSON (maandishi yenye mpangilio ambao programu inausoma), kesho arudie kwa kubofya tu.

Hatua ya 3: toa kwa mafungu. Usipakie rekodi zote kwenye RAM. Na achana na OFFSET (kuruka idadi fulani ya rekodi): hifadhidata inazisoma zile za nyuma zote, kisha inazitupa. Tumia:

`WHERE id > $1 ORDER BY id LIMIT 5000`

kila fungu likianzia id ya mwisho ya fungu lililotangulia. COPY, amri ya hifadhidata ya PostgreSQL ya kutoa data kwa wingi, ina kasi zaidi, lakini haipokei vigezo. Mimi nilishangaa nayo nusu siku.

Kazi kubwa ifanyike nyuma ya pazia, mtumiaji apewe kiungo faili likiwa tayari.

MASWALI

Swali: Mkuu, COPY TO '/tmp/data.csv' inanikatalia ruhusa.

Jibu: Hiyo inaandika kwenye diski ya seva, inahitaji superuser (mtumiaji mwenye mamlaka yote) au ruhusa ya pg_write_server_files. Tumia \copy ndani ya psql (programu ya kuandikia amri za PostgreSQL), faili litashuka kwenye mashine yako.

Swali: Excel inakula sifuri za mwanzo kwenye namba za simu!

Jibu: CSV haibebi aina ya data, Excel inakisia. Toa xlsx (faili la Excel lenyewe), seli ziwe maandishi. Kumbuka laha moja inaishia mistari 1,048,576.

Swali: Data ikibadilika katikati ya mafungu je?

Jibu: Fanya yote ndani ya muamala (transaction) mmoja wa kiwango cha REPEATABLE READ, utaona picha ileile mwanzo hadi mwisho. Ila kwenye PostgreSQL muamala mrefu unaizuia VACUUM (kazi yake ya usafi) kusafisha rekodi zilizokufa, kwa hiyo usiuache wazi ukisubiri mtumiaji mwenye intaneti ya kobe. Andika faili kwanza, funga muamala, ndipo umpe.